Ngitili Yetu na Karatasi ya Dodoma



Mwezi wa kumi katika nchi ya Usukuma ndio mwezi wa kumjua aliyejiandaa na asiyejiandaa. Mabua ya mahindi na mtama yamekwisha kuliwa mashambani tangu mwezi wa nane. Mbuga zimebaki vumbi, na maji ya lambo yameshuka mpaka matope. Na hapo hapo maksai anatakiwa apate nguvu za kuvuta plau, kwa maana mvua inangojewa mwezi wa kumi na moja, nayo siku hizi haiweki miadi. Ikichelewa wiki tatu, ng'ombe anaanguka. Ikija mapema, anayelima ni yule tu ambaye maksai wake wanaweza kusimama.

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu sera ya mabadiliko ya tabianchi. Najua neno lenyewe linachosha. Hata mimi nilipolisikia mara ya kwanza nilidhani ni jambo la watu wa semina. Lakini vumilia kidogo, kwa sababu nataka kukuonyesha mahali ambapo neno hilo linakutana na huyo maksai wako.

Tabianchi ni tabia ya nchi, yaani jinsi mvua, joto na upepo vilivyozoea kuwa mahali fulani kwa miaka thelathini au zaidi. Mvua ya leo mchana ni hali ya hewa. Kwamba Shinyanga hupata mvua ya milimita kama 600 hadi 800 kwa mwaka, kuanzia mwezi wa kumi na moja mpaka wa nne, na kwamba katikati pana kiangazi kidogo cha Januari na Februari, hiyo ndiyo tabia ya nchi. Sasa tabia hiyo inaharibika. Dunia inapata joto kwa sababu ya moshi wa makaa ya mawe, mafuta na gesi, na kwa sababu ya misitu inayokatwa na kuchomwa. Moshi mwingi kabisa haukutoka kwetu. Nchi kama Tanzania imechangia kidogo sana, lakini mkulima wa mvua hana pa kujificha, maana shamba lake ndilo paa lake.

Basi, serikali imeandika nini? Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Mabadiliko ya Tabianchi mwaka 1996, na mwaka 2018 ikaridhia Mkataba wa Paris. Mwaka 2021 iliahidi kupunguza gesi zinazoongeza joto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo mwaka 2030, ikilinganishwa na kiasi ambacho kingefikiwa kama hakuna kinachofanyika. Upo pia Mkakati wa Taifa wa kuanzia mwaka 2021. Tena Tanzania imeahidi, pamoja na nchi nyingine za Afrika, kurudisha uoto katika hekta milioni 5.2 za ardhi iliyochakaa. Hekta moja ni karibu ekari mbili na nusu. Kwa hiyo tunazungumza juu ya ekari milioni 13.

Niliwahi kuyasoma hayo yote, moja baada ya jingine, mbele ya mkutano wa kijiji. Nilisoma vizuri, na watu walikaa kimya kwa adabu. Nilipomaliza, mzee mmoja aliyekaa chini ya mkwaju akanyoosha mkono.

"Bibi Shamba, mwanangu, tunashukuru kwa habari za Dodoma. Sasa hiyo karatasi inasema ng'ombe wangu ale nini mwezi wa kumi?"

Watu wakacheka. Mimi nikatafuta ukurasa, nikakosa. Nikamwambia, "Mzee, nitarudi na jibu." Aibu niliyoipata siku ile ndiyo iliyonifanya nianze kuchimba historia ya ngitili, na kumbe jibu lilikuwa hapo hapo alipokuwa amekaa mzee mwenyewe.

Msomaji wa Shinyanga, Simiyu au Tabora hahitaji kuelezwa ngitili ni nini, lakini wa Lindi au Tanga huenda hajui. Ngitili ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza. Hakuna ng'ombe anayeingia. Majani hukua, hukomaa, hukauka yakiwa yamesimama. Mifugo huishi kwanza katika mbuga za wazi, kisha mavuno yakishaondolewa hula mabua mashambani. Mabua yakiisha, kuanzia mwezi wa saba au wa nane hivi, ndipo ngitili hufunguliwa, na hufunguliwa kipande kwa kipande. Wanaotangulia ni ndama, ng'ombe wa maziwa, maksai na wagonjwa. Kuna ngitili za familia, na kuna za kijiji kizima. Huu ni ujuzi wa Wasukuma wenyewe, wa tangu mababu. Haukuja na mradi wala hakuna chuo kilichoufundisha.

Lakini ujuzi huo ulikaribia kupotea. Wakati wa ukoloni maeneo makubwa yalifyekwa ili kuwaondoa mbung'o. Baadaye pamba ikadai mashamba, na ng'ombe wakaongezeka. Kisha, miaka ya 1974 na 1975, watu walipohamishiwa katika vijiji, familia nyingi ziliziacha ngitili zao kule zilikotoka, zikabaki bila mwenyewe. Kitu kisicho na mwenyewe unajua mwisho wake. Mwalimu Nyerere alipotembelea Shinyanga mwaka 1984 alistuka, akaiita nchi ile jangwa la Tanzania. Mwaka 1986, katika mkoa wote wa Shinyanga wa wakati ule, ambao ulikuwa mkubwa kuliko wa leo maana ulizikusanya pia Maswa, Meatu, Bariadi na Bukombe, ngitili zilizokuwa zimeandikwa zilikuwa hekta 600 tu.

Mwaka huo huo ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao watu waliuita HASHI, nao ulikwenda mpaka mwaka 2004 kwa msaada wa Norwei na wa watafiti wa kilimo mseto. Hapa nakuomba usome taratibu, kwa sababu hapa ndipo penye somo. Miaka ya kwanza mradi ulitegemea bustani za miche na miti ya kigeni, kama ilivyokuwa desturi ya miradi. Mche wa kigeni katika nchi ya mvua haba unataka ndoo, unataka uzio dhidi ya mbuzi, unataka dawa ya mchwa, na zaidi ya yote unataka mtu anayeupenda. Mwananchi aliyeletewa mti wa serikali aliulinda kama mali ya serikali. Mwajua tunavyolinda mali ya serikali.

Ndipo wataalamu walipoanza kuwauliza wazee swali lililokuwa limesahaulika: ninyi zamani mlifanyaje? Wazee wakasema ngitili. Wataalamu wakaenda kuangalia ardhi, wakakuta visiki vya migunga na miti mingine ya asili viko hai chini ya vumbi, mizizi imo, mbegu zimo. Kilichokosekana ni mapumziko tu. Ukifunga eneo mvua mbili tatu, kisiki kinachipua chenyewe bila ndoo hata moja. Mradi ukabadili mwendo. Mikutano ya jadi ya dagashida ikakaa na kupanga adhabu za wanaochungia mahali palipofungwa, sungusungu wakasaidia kulinda, na kazi ya bwana shamba na bwana misitu ikawa kushauri badala ya kuamuru.

Matokeo yake yanajulikana hata nje ya nchi. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2000 ngitili zilikuwa zimerudishwa katika zaidi ya hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Mwaka 2002 HASHI ilipata tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Utafiti uliotolewa mwaka 2005 ulikadiria kwamba vitu ambavyo mtu mmoja anapata katika ngitili, yaani kuni, nguzo, majani ya kuezekea, malisho, asali, dawa na mboga za porini, vina thamani ya dola 14 za Kimarekani kwa mwezi, wakati matumizi ya wastani ya mtu wa kijijini yalikuwa dola 8 na nusu. Na akina mama, utafiti ule ule ulikuta kwamba muda wa kutafuta kuni ulipungua kwa saa mbili hadi sita. Mimi takwimu hiyo ya saa naiona kubwa kuliko ile ya dola, kwa sababu nimewahi kubeba kuni.

Si kwamba yote yalikuwa mema. Uoto uliporudi, fisi nao walirudi, na ndege waharibifu wa mtama wakapata pa kulala. Tena wenye ardhi kubwa walipata ngitili kubwa, na asiye na ardhi akabaki mtu wa kuomba au kukodi malisho. Hilo nitalirudia.

Sasa unganisha. Kuwa na majani mwezi wa kumi hata mvua ikichelewa, wakubwa wanaita kuhimili mabadiliko ya tabianchi. Mti unaokua katika ngitili unavuta hewa ya ukaa na kuiweka katika shina, mizizi na udongo. Hiyo wanaita kupunguza gesijoto. Na zile hekta milioni 5.2 zilizoahidiwa hakuna bustani ya miche inayoweza kuzitosheleza. Zikipatikana, zitapatikana kwa watu kufunga maeneo yao wenyewe. Kwa hiyo mzee, unapofunga ngitili yako unatimiza sera, ijapokuwa hujaisoma. Karatasi inakutegemea wewe.

Utasema: basi kama ni hivyo, karatasi ina kazi gani? Tuliishi bila hiyo tangu zamani.

Nilifikiri hivyo pia, na kosa hilo lina gharama. Kipo kijiji kimoja, jina sitalitaja, kilichokuwa na ngitili ya wote iliyotunzwa vizuri sana. Nilikwenda pale misimu kadhaa. Niliwafundisha kuigawa vipande, kufyeka njia pana pembezoni ili moto usivuke, kuchagua machipukizi mawili au matatu yenye nguvu katika kila kisiki na kuyapogoa mengine. Walifanya kuliko nilivyosema. Mikutano ilikuwa inakaa chini ya mti, wazee wanaamua, vijana wanalinda. Hata siku moja sikuwauliza: uamuzi huu umeandikwa wapi?

Uongozi ukabadilika. Wakaja waombaji wa mashamba, wengine wa hapo hapo, wengine wa mbali, na udongo uliopumzika miaka mingi kila mtu anautamani. Wakagawiwa vipande kwa ajili ya pamba na mpunga. Wanakijiji walipolalamika na shauri kufika mezani, waliulizwa muhtasari wa mkutano uliotenga eneo lile. Hawakuwa nao. Waliulizwa ramani. Hawakuwa nayo. Waliulizwa sheria ndogo iliyopitishwa na halmashauri ya wilaya. Mwenyekiti wa zamani akasimama akasema, "Kila mtu hapa anajua ile ni ngitili." Na kweli kila mtu alijua. Lakini kujua hakukuwa na mhuri. Msimu ule magunia ya mkaa yalipangwa kando ya barabara kama watu wanaongoja basi.

Tangu hapo, ndugu mkulima, kila nifikapo kijijini kabla ya kuangalia majani naomba kwanza kuona daftari. Nitakueleza kinachotakiwa, nawe usikubali kuambiwa kwamba hayo ni mambo ya wasomi.

Mwenye mamlaka juu ya ardhi ya kijiji, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, ni halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, na jambo kubwa kama kutenga eneo lazima lipite katika mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano huo ni wa kila mtu mzima wa kijiji mwenye umri wa miaka 18 na zaidi, na unatakiwa ukae angalau mara moja kila miezi mitatu. Hapo ndipo ngitili izaliwe upya kwa maandishi: muhtasari ueleze mipaka kwa majina ya mahali, na daftari la mahudhurio lionyeshe majina na sahihi au dole gumba. Muhtasari usio na mahudhurio ni kama ng'ombe asiye na alama. Kila mtu anaweza kusema ni wake. Angalieni pia kama kijiji chenu kina Cheti cha Ardhi ya Kijiji. Bila hicho hata hati ya hakimiliki ya kimila, ambayo ndiyo kinga ya mwenye ngitili ya familia, haiwezi kutolewa.

Baada ya hapo unakuja mpango wa matumizi ya ardhi, ambao una sheria yake ya mwaka 2007. Watu wa wilaya huja, mnakaa pamoja na kuchora: hapa makazi, hapa mashamba, hapa mapito ya mifugo, hapa ngitili. Ndiyo kazi ndefu, na mara nyingi wilaya itasema fungu halitoshi. Msingoje mpaka fungu litoshe. Pelekeni barua, mbaki na nakala iliyopigwa mhuri wa kupokelewa.

Halafu sheria ndogo. Hii ndiyo inayowapa meno. Halmashauri ya kijiji huandika mapendekezo: nani haruhusiwi kuingiza mifugo, lini ngitili inafunguliwa, faini kiasi gani, na faini inakwenda wapi. Mkutano mkuu unajadili, kisha inapelekwa halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Faini iliyopangwa na wazee peke yao inaweza kukataliwa mahakamani. Ile ile faini, ikiwa ndani ya sheria ndogo iliyoidhinishwa, inasimama. Wazee wa dagashida wasione wamenyang'anywa kazi. Wao ndio waandikishe kile wanachokijua, maana sheria ndogo iliyonakiliwa kutoka kijiji kingine, nimeziona, huwa inakataza kukata miti ambayo hapo haipo.

Na kama ngitili yenu ya wote ni kubwa na imerudi kuwa msitu, Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 inawaruhusu kuitangaza kuwa Msitu wa Hifadhi wa Ardhi ya Kijiji. Mnatakiwa kuwa na mpango wa usimamizi na kamati. Faida yake ni kwamba mapato ya msitu huo, mkiuvuna kwa kufuata mpango, yanabaki kijijini.

Hapo nataka nitoe onyo. Siku hizi wanatembea watu wanaotaka kununua hewa ya ukaa. Wengine ni wa kweli, na biashara hiyo ina kanuni za serikali tangu mwaka 2022, na kipo Kituo cha Taifa cha kufuatilia kaboni pale Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Lakini mkataba wa hewa ya ukaa unaweza kuwa wa miaka mingi, hata thelathini, na mtoto aliye mgongoni leo ndiye atakayeuishi. Asitie sahihi mwenyekiti peke yake. Mgeni aulizwe mbele ya mkutano mkuu: ng'ombe wetu wataingia lini? Kuni tutaokota? Pesa inakuja lini, na kijiji kinapata sehemu gani ya bei? Mkataba usomwe kwa Kiswahili, na mwanasheria wa halmashauri ya wilaya auone kwanza. Mgeni mwenye haraka mwacheni aende na haraka yake.

Nilisema nitarudia habari ya asiye na ardhi. Sheria ndogo nyingi huandikwa na wenye ng'ombe, nao hukumbuka majani, husahau kuni. Mjane asiye na ng'ombe hata mmoja anaitazama ngitili kama jiko lake. Akikatazwa kuokota kuni kavu, usiku atakata mbichi, na hapo hakuna sungusungu wa kumzuia, wala mimi simlaumu. Andikeni wazi siku za kuokota kuni na kuvuna majani ya kuezekea. Robo ya wajumbe wa halmashauri ya kijiji wanatakiwa kuwa wanawake; basi wawepo siku sheria inapoandikwa, wala si siku ya kupika chakula cha wageni tu.

Ngitili ya kijiji kile nilichokisema haikufa yote. Walikaa mkutano mkuu, wakaandika majina yao kurasa nne, wakatenga sehemu iliyobaki, kama theluthi hivi. Mara ya mwisho nilipopita visiki vya mwaka wa kwanza vilikuwa vimechipua mpaka kiunoni. Sheria ndogo yao ilikuwa imepelekwa wilayani, walikuwa bado wanangojea jibu, na mwenyekiti alikuwa na nakala yenye mhuri ndani ya mfuko wa nailoni, amening'iniza juu ya kitanda mbali na mchwa.

Mvua zikianza, ngitili hufungwa. Kwa hiyo mkutano wenu ufanyike kabla ya mwezi wa kumi na moja, watu wakiwa bado hawajatawanyika mashambani. Muulizeni mwenyekiti tarehe, na mtendaji aweke neno ngitili katika ajenda, lisiachwe kwenye mengineyo.

Wiki ijayo, tukijaliwa, tutazungumza juu ya kukata na kuhifadhi mabua ya mtama kwa ajili ya maksai.